Pakiti ya Nusu Kilo

Kwa miaka tisa sisi nyumbani tuliamini kwamba mama hali chumvi. Daktari akiuliza tunajibu kwa pamoja kama watoto wa chekechea: hali. Mgeni akileta achari ya embe tunapokea kwa mikono miwili, tunashukuru, kisha tunaipandisha juu ya kabati asikofika. Na presha yake ikawa inapanda tu.

Ukweli ni kwamba tulifanya jambo moja. Mwaka ule alipoambiwa ana presha, mke wangu aliondoa mezani kikopo cha chumvi. Basi. Kwetu Tanga, na nadhani ni hivyo kwingi, ukimwambia mtu apunguze chumvi anaelewa umemkataza "chumvi mbichi", ile ya kunyunyizia juu ya yai la kuchemsha au muhogo wa kuchoma. Iliyochemka na nazi chunguni hiyo haina neno, imeshaiva, ukali wake umekwisha. Nimekua nikiyasikia hayo kwa shangazi zangu, kwa majirani, na siku moja niliyasikia kwa mtu aliyevaa koti jeupe, nikaona basi, habari imethibitishwa. Lakini chumvi haiivi. Ni madini. Uichemshe, uikaange, uianike, ni ileile, na ikishaingia kwenye damu figo haziulizi ilitiwa sufuriani saa ngapi.

Hilo tulilijua baada ya harusi.

Alikuwa anaolewa binti wa jirani, siku ya Jumamosi. Pilau, mchuzi wa mbuzi, kachumbari, na ile achari ya ndimu ambayo mama akiiona hata mkwe wake akimkonyeza hasikii. Jumapili jioni nilimkuta barazani amevua kandambili, na juu ya kila mguu mkanda ulikuwa umeacha mfereji, kama kamba iliyobanwa kwenye donge la unga. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

"Niache, baba. Nilisimama sana jana."

Jumatatu asubuhi kikombe cha chai kilimponyoka mkono wa kushoto. Akakitazama pale chini kama si chake. Nikamwambia ataje jina langu, akalitaja kama mtu mwenye kipande cha ndizi mdomoni.

Hospitalini kipimo kilisoma 192 juu ya 108. Kiharusi, wakasema, ila chepesi, na mmewahi kumleta. Alikaa wodini siku sita. Mdomo ulirudi mahali pake, mkono nao ulirudi, isipokuwa kidole cha mwisho na cha jirani yake. Hivyo hadi leo vinachelewa, akijifunga kanga utaviona vinakuja nyuma ya vingine.

Siku ya kutoka tulipelekwa kwa afisa lishe, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanangu wa kwanza. Akauliza mama anakula chumvi kiasi gani. Tukajibu kwa pamoja. Hakubishana nasi. Akanigeukia mimi:

"Baba, pakiti ya chumvi kwenu inakwisha kwa siku ngapi?"

Nilishindwa kujibu, na mimi ndiye mwenye duka. Nauza chumvi kila siku ya Mungu. Naweza kukwambia bila kufungua daftari ni nyumba gani mtaani inanunua ya robo kilo na ipi ya nusu, na nani anakopa. Lakini jiko langu mwenyewe halikuwa na hesabu: mama watoto akiishiwa anaingia dukani, anachukua pakiti rafuni, anarudi ndani. Vya nyumbani haviandikwi.

"Mkifungua nyingine, andikeni tarehe juu yake," akasema. "Halafu mje mniambie."

Nikaiandika kwa ile kalamu nene ninayoandikia madeni. Pakiti ya gramu 500 ilikwisha siku ya nane. Mia tano gawa kwa nane ni gramu 62 na nusu kwa siku. Nyumbani tuko saba. Inaangukia karibu gramu 9 kwa kila kichwa, na hapo nimemhesabu kitinda mimba wa miaka minne ambaye anadonoa kama kuku. Maana yake sisi wakubwa tulikuwa tunapita hapo. Kweli, nyingine inamwagwa na maji ya muhogo, hiyo niliambiwa niitoe. Hata ukiitoa, Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na kijiko hicho ni cha vyakula vyote kuanzia chai ya asubuhi hadi cha usiku. Wastani wa dunia, kwa hesabu za hao hao, unakaribia gramu 11. Kwa hiyo hatukuwa watu wa ajabu, tulikuwa tunakwenda na wenzetu.

Nilipompelekea hesabu yangu, nikiwa nimejivunia kidogo, yule binti akasema pakiti ni nusu tu ya habari. Nenda jikoni, akasema.

Kukaa jikoni na daftari wakati mkeo anapika si jambo la busara, nakutahadharisha. "Unanikagua?" Nikasema naangalia tu. Akatia maharage vidonge viwili vya mchuzi, akakoroga, akamimina tone kiganjani, akalilamba, akachukua chumvi kwa vidole vitatu, akatia. Vidonge hivyo nimeviuza miaka kumi na tano bila kusoma karatasi yake. Nikavaa miwani. Kitu cha kwanza kilichotajwa kwenye orodha ni chumvi. Kwa hiyo maharage yalikuwa yameshatiwa chumvi mara mbili kabla ya mkono wa mpishi, na alipoonja akaona bado kidogo, kwa sababu ulimi wetu wote ulikuwa umezoea pale.

Halafu kuna magadi. Mke wangu ni Mpare, na makande ya Kipare bila magadi yanakula mkaa wa siku mbili. Katika hesabu zetu zote magadi hayakuwahi kuingia, maana hayana ladha ya chumvi, ni ya kulainisha tu. Kumbe chumvi inayosumbua kwenye presha ni ile sodiamu iliyomo ndani yake, na magadi ni sodiamu hiyohiyo imevaa nguo nyingine. Soda ya kuokea maandazi nayo ni ndugu yake. Tena baadhi ya magadi ya kaskazini yana floridi, sawa na maji ya huko, ndiyo ile inayotia meno rangi ya kahawia; shemeji zangu wanayo, na sisi wa pwani kwa utovu wa adabu tulikuwa tukisema hawapigi mswaki. Siku hizi mahindi na maharage yanalowekwa usiku kucha, maji yanamwagwa asubuhi, na makande yanaiva. Hayaivi haraka kama ya magadi. Mama mkwe alipokuja kutoka Same alisema yanakwaruza koo.

Papa mkavu nilimtetea mimi. Papa wa kukaanga kisha akaungwa na nazi, na ugali wa muhogo, huo ndio utoto wangu. Yule afisa lishe hakumkataza, alimtumia kunifundisha. Umeshaona papa anavyotengenezwa? Nimeona, nikasema, nimekulia ufukweni: anapasuliwa, anapakwa chumvi, na baada ya muda maji yanamtoka mwenyewe, hata hujamwanika. "Maji yanaifuata chumvi," akasema. "Kwa papa chumvi iko nje, maji yanatoka. Kwa mama chumvi iko ndani ya damu, maji yanabaki humo humo." Damu inakuwa nyingi kuliko mishipa inavyotaka, moyo unasukuma mzigo mzito zaidi, na mshipa mwembamba kuliko yote, labda wa kichwani, ndio unaoshindwa kwanza. Figo nzima huitoa ziada kwa mkojo. Lakini presha ya miaka huzichosha figo zenyewe, na figo zikichoka chumvi haitoki, na presha inazidi. Nikakumbuka ule mfereji wa kandambili.

Sasa, si kila mtu chumvi inamfanya vilevile. Baba mdogo alikula papa na ng'onda mpaka miaka 84, presha yake ya kijana. Alikula chumvi nyingi kwa maana zote mbili, na kila nikieleza mambo haya kwenye baraza kuna mtu ananitajia yeye. Sina jibu zaidi ya kwamba mama si baba mdogo, na kwamba waliokula hivyo wakaanguka na hamsini hawapo barazani kusimulia.

Wala mimi si baba mdogo. Siku ileile ya mama nilipimwa kwa utani tu, nikiwa na miaka 47, sina hata kichwa kuuma. 154 juu ya 96. Nikasema ni wasiwasi wa safari. Nikarudi wiki mbili baadaye, 150 juu ya 98.

Tulianza vibaya. Mimi mtu wa kukata shauri, nikatangaza kuanzia kesho chumvi nusu. Watoto wakala wali mtupu, wakaacha mboga. Mama akasogeza sahani: "Chapwa. Mniue na kiharusi, msiniue na hii." Siku ya tatu nikakuta chupa tupu ya sosi ya soya nyuma ya pipa la maji, kijana wangu mkubwa alikuwa anainunua dukani kwangu, kwa fedha zangu. Nikasoma na hiyo. Chumvi tupu, rangi nyeusi.

Ikabidi twende polepole, na aliyeiweka sawa ni mke wangu, si mimi. Kwanza akaacha kukadiria kwa vidole, akatafuta kijiko kimoja cha plastiki kilichokuja na dawa ya kikohozi, kikawa ndicho cha chumvi. Kila wiki akipunguza, anapunguza kiasi ambacho ulimi hauwezi kumshitaki. Vidonge vya mchuzi akaviacha siku moja bila kutangaza, na hakuna aliyegundua, kwa sababu siku hiyo aliongeza kitunguu saumu na tangawizi. Chumvi akawa anaitia mwisho, chakula kikikaribia kuepuliwa. Inakaa juu juu, ulimi unaikuta mapema. Na tuna mbirimbi uani, mti ambao miaka yote kazi yake ilikuwa kuchafua kibaraza. Mchuzi wa samaki wenye mbirimbi tano na tui zito la kwanza, chumvi ukitia nusu ya ile ya zamani, wallahi hakuna atakayeuliza. Ukwaju pia, ndimu pia. Kitu chenye uchachu kinaudanganya ulimi. Papa tulimbakiza, mara moja kwa mwezi: analowekwa usiku, maji yanamwagwa, anachemshwa, maji yanamwagwa tena. Kinachobaki ni harufu na kumbukumbu, lakini mimi inanitosha.

Iliwachukua watoto kama wiki tano kuzoea. Pakiti ya mwezi wa pili ilikwisha siku ya 14. Gawa mwenyewe.

Katikati hapo nilifanya makosa mawili ambayo ningeyaficha kama yasingekuwa na faida kwa mwingine. La kwanza lilitoka Muscat. Mpwa wangu anafanya kazi huko, akasikia habari za bibi yake, akatuma kwa mtu anayekuja makopo mawili ya chumvi "ya wagonjwa wa presha". Sehemu ya sodiamu imeondolewa, mahali pake imetiwa potasiamu. Ina ladha ya chumvi na kamchungu kwa mbali. Kwa watu wengi ni kitu kizuri, wala si uganga. Uchina waliijaribu kwenye vijiji 600, watu karibu 21,000, na majibu yaliyotoka mwaka 2021 yalionyesha vijiji vilivyopewa chumvi hiyo vilipata kiharusi pungufu kwa asilimia 14 kuliko vilivyobaki na chumvi ya kawaida. Nikafurahi, nikamtilia mama bila kumuuliza mtu. Bahati nzuri siku ya kliniki alijisemea mwenyewe, "mjukuu wangu kaniletea munyu wa Uarabuni," na daktari akaacha kuandika. Figo za mama zilishaanza kuchoka, na moja ya dawa zake, losatani, yenyewe inazuia potasiamu isitoke mwilini. Ukiongeza nyingine kwa chakula, inajazana, na potasiamu ikijazana moyo unaweza kusimama. Makopo yale yako hapa dukani chini ya kaunta. Kuyatupa naona uchungu, kuyauza nimekatazwa na dhamiri.

La pili ni la ubahili. Nilinunua gunia la chumvi ya mawe moja kwa moja kutoka mashamba ya chumvi ya huku pwani, ile wanayokusanya maji ya bamvua yakishakauka juani. Rahisi, na nikajiambia ni ya asili, haijaguswa na kiwanda, lazima itakuwa na afya zaidi. Kwa presha haina tofauti yoyote, sodiamu ni sodiamu, hata ile ya rangi ya waridi wanayouziwa wageni kwa bei ya nyama. Na kitu kimoja inakosa: madini joto. Nilidhani chumvi ya bahari inayo tayari. Yanayobaki baada ya jua hayatoshi, ndiyo maana huongezwa kiwandani. Bibi yangu mmoja wa Usambara alikuwa na rovu lililoning'inia kama kibuyu, na sisi watoto tulidhani ni uzee. Siku hizi ni nadra kuona mtu kama yule. Gunia lile nililiuza kwa mtu mwenye ng'ombe. Tunakula ya pakiti, yenye madini joto, kidogo.

Na kidogo si sifuri. Mke wangu alivuka mpaka siku kitinda mimba alipoharisha. Nikamkuta anakoroga maji na sukari peke yake, chumvi kaogopa kutia. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, kama pakiti ya dawa ya kuharisha haipo. Mtoto anayeharisha chumvi inamtoka, lazima irudishwe.

Mdogo wangu yuko Dar, ana miaka 38, na nilipomsukuma akapime alikutwa na 160. Analaumu foleni. Foleni sina ubishi nayo. Ila nilisoma juu ya utafiti uliochapishwa mwaka 1990, wa vijana wa Kijaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kutafuta maisha Nairobi. Walifuatwa tangu walipofika, wakalinganishwa na wenzao waliobaki. Presha za waliohama zilianza kupanda katika miezi ya mwanzo tu, si baada ya miaka, na mkojo wao ulionyesha sodiamu imekuwa nyingi na potasiamu, ile ya mboga na matunda na viazi, imepungua. Uzito nao uliongezeka, kwa hiyo usimbebeshe chumvi lawama zote. Lakini nikimfikiria mdogo wangu, asubuhi supu na chapati mbili, mchana kwa mama lishe, usiku chipsi mayai na kachumbari iliyonyunyiziwa chumvi kama mbolea, naona Nairobi ile imehamia Tandika.

Mama sasa anasoma 138, 140, siku mbaya 148. Dawa anameza kila siku. Aliwahi kujaribu kuziacha, akisema munyu si nimeshaacha, na wiki ile kipimo kilimrudisha mwenyewe. Mimi nameza kidonge kimoja asubuhi. Chumvi peke yake ilinishusha kidogo, si kwa namna ya kupigia vigelegele, ila daktari anasema bila hiyo ningekuwa kwenye viwili.

Nilidhani tumemaliza. Mwezi wa nane baada ya kiharusi, siku ya kufua, mke wangu akaniita uani. Fundo la pindo la kanga ya mama, pale wazee wanapofungia fedha, lilikuwa gumu, lina ukoko mweupe. Nikalifungua, nikaliweka kwenye mizani ndogo ninayopimia iliki na karafuu. Gramu 31.

"Mama, hii nini?"

"Munyu."

"Naona ni munyu. Wa nini?"

"Wa embe." Akanitazama kama mimi ndiye niliyekamatwa. "Alasiri tunakaa kwa jirani, tunakatakata embe bichi. Kila mmoja anakuja na wa kwake. Ulitaka niwe ninaombaomba?"

Tulijadiliana siku mbili, mke wangu akiwa msuluhishi. Tukafika hapa: gramu 7 kwa wiki, moja kwa kila alasiri, na kiasi hicho kinatolewa kwenye chungu cha jioni. Kila Ijumaa kabla ya kufunga duka anakuja na pindo lake, ninampimia mbele ya macho yake. Ijumaa iliyopita kulikuwa na wateja, nikamimina haraka, mizani ikasoma 6, nikaanza kufunga fundo. Akagonga kaunta kwa kile kidole kinachochelewa.

"Ongeza, baba. Mwenye kupunja mizani Mungu hampendi."